Ali Soilih: Aliingia kwa mamluki, akatoka kwa mamluki



Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, vijana watatu wa msikiti wetu hapa Arusha walinifuata nyumbani. Walikuwa na karatasi yenye majina ya wenzao. Wameamua kwamba kila arusi ya Muislamu mtaani itakayokuwa na tarumbeta, ukumbi wa gharama na kamati ya michango, wao watakwenda kwa kikundi na kuizuia, mwenye nyumba apende asipende. Walitaka niweke sahihi yangu kwa kuwa wengi wao nimewasomesha.

Mpenzi msomaji, nisingependa mtu adhani kwamba vijana hawa hawana hoja. Wanayo. Sote tunawaona Waislamu wa mji huu wanaoingia madeni kwa ajili ya shughuli ya siku moja. Baba anauza ng'ombe wawili, mama anakopa kwenye vikoba, na baada ya arusi maharusi wanaanza maisha na deni badala ya godoro. Wakati huohuo paa la madrasa linavuja na mwalimu halipwi. Hoja ipo. Lakini sikuweka sahihi. Niliwakaribisha chai, nikawasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye wao hawakuwahi hata kulisikia jina lake. Nimeona nikuandikie na wewe, kwa sababu kisa chake si cha vijana watatu peke yao.

Mtu huyo ni Ali Soilih, aliyekuwa rais wa visiwa vya Komoro, ambavyo wazee wetu wamezoea kuviita vyote kwa pamoja Ngazija.

Huenda msomaji akauliza, sisi wa chini ya Mlima Meru tuna lipi na Komoro? Tuna mengi. Wakomoro ni ndugu zetu kwa dini na kwa lugha, na Kikomoro ukikisikiliza kwa makini utakuta nusu yake unaielewa. Mwanachuoni mkubwa Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Zanzibar na ambaye silsila nyingi za elimu za pwani yetu zinapitia kwake, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Naomba ulikumbuke jina la Itsandra, tutalirudia. Chama cha ukombozi cha Wakomoro, MOLINACO, kiliendesha kazi zake kutoka Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Na mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Machi 2008 redio zilipotangaza kwamba askari wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Sudan, wameingia kisiwa cha Anzuani kumng'oa Kanali Mohamed Bacar. Ndipo nilipoanza kujiuliza ni nchi gani hii ambayo tangu uhuru imeshuhudia mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20.

Ali Soilih alizaliwa Januari 1937 katika mji wa Majunga, Madagascar, ambako Wakomoro wengi walikuwa wakiishi na kufanya kazi. Kwao hasa ni kijiji cha Shuwani, kusini mwa mji wa Moroni, Ngazija. Alisomea kilimo, huko Madagascar na baadaye Ufaransa, akarudi visiwani akiwa mtaalamu wa kilimo na uchumi wake. Kazi hiyo ilimfikisha vijijini. Aliona ardhi nzuri ikilimwa karafuu, lavani na mlangilangi wa kutengenezea manukato ya Ulaya, huku mchele wa kula ukiagizwa ng'ambo na wafanyabiashara wachache ambao ndio hao hao wanasiasa. Akaingia Bungeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa waziri katika serikali ya Prince Said Ibrahim.

Tarehe 22 Desemba 1974 Wakomoro walipiga kura ya maoni. Asilimia kama 95 walitaka uhuru. Lakini katika kisiwa kimoja, Mayotte, ambacho wenyewe wanakiita Maore, wengi walikataa. Ufaransa ikashikilia kwamba kila kisiwa kihesabiwe peke yake. Rais wa serikali ya ndani, Ahmed Abdallah, tajiri wa Anzuani, akachoka kusubiri, na tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru bila idhini ya Paris.

Hakukaa hata mwezi. Tarehe 3 Agosti 1975 Ali Soilih na wenzake wa muungano wa vyama vya upinzani walimpindua. Na hapa ndipo kisa chetu kinapoanzia, kwa sababu Soilih hakuwa na jeshi. Alichokifanya ni kumtumia Mfaransa mmoja aliyeitwa Bob Denard, mamluki aliyekwisha kupigana vita vya kukodiwa Kongo na kwingineko. Septemba 1975 Denard alikuwamo katika msafara uliovuka kwenda Anzuani kumkamata Abdallah. Kazi ikamalizika, mamluki akalipwa, akaondoka. Abdallah akaruhusiwa kwenda kuishi Ufaransa. Soilih akadhani hesabu imefungwa.

Novemba mwaka huohuo alijaribu njia nyingine, na hii tumpe haki yake. Alikwenda Mayotte na wafuasi wapatao mia moja na ushei, bila silaha, kwenda kuwasihi ndugu zao wasijitenge. Wakapokewa kwa hasira na kurudishwa. Tarehe 12 Novemba 1975 Komoro ilikuwa imeingia Umoja wa Mataifa kwa visiwa vyake vyote vinne, lakini Februari 1976 Ufaransa ikaitisha kura nyingine Mayotte, na kisiwa kikabaki mikononi mwake. Tangu mwaka 2011 kinahesabiwa kuwa mkoa wa Ufaransa, na hadi leo Wakomoro wanazama baharini wakijaribu kuvuka kwa mitumbwi kwenda katika kisiwa ambacho babu zao walikwenda kuoa bila kuulizwa cheti.

Mwanzoni mwa Januari 1976 Soilih alishika urais kamili. Ufaransa ilikuwa tayari imekata misaada na kuwaondoa wataalamu wake. Walimu, madaktari, wahasibu, wote wakapanda ndege. Hebu fikiri nchi changa, maskini, ambayo ghafla haina mtu wa kufundisha sekondari wala wa kupasua mgonjwa. Mtu mwingine angepiga magoti. Soilih alikataa, na kwa hilo wapo wanaomheshimu mpaka kesho.

Alikuja na mpango wake. Aliigawa nchi katika mudiria, yaani kila eneo liwe na ofisi yake, soko lake, posta yake na shule yake, wananchi wajiamulie mambo huko huko badala ya kufunga safari kwenda Moroni. Mwaka 1977 aliwaondoa kazini maelfu ya watumishi wa serikali, na nyaraka za utawala wa kikoloni zikachomwa moto. Alisema na watu kwa redio kwa Kikomoro, si kwa Kifaransa, na akahimiza lugha hiyo iandikwe na kusomwa na kila mtu. Watu wakamwita Mongozi. Mkazi wa Arusha aliyewahi kupita pale Kaloleni, kwenye makumbusho ya Azimio la mwaka 1967, hatakosa kuona kwamba maneno ya kujitegemea, kilimo kwanza na ofisi kusogezwa kwa mwananchi hayakuwa mageni kwake. Na Tanzania ya wakati ule ilikuwa rafiki yake. Ilimpelekea wakufunzi wa kijeshi.

Kisha akaigusa ndoa kubwa.

Ndoa kubwa ya Ngazija si ile nikah ambayo mimi na wewe tunaijua. Ni shughuli ambayo mwanamume huikusanyia mali kwa miaka, pengine umri wake wote. Dhahabu ya bibi arusi, ng'ombe wa kuchinja, mchele wa kulisha mji mzima, siku kwa siku. Asiyeifanya anahesabiwa mtoto hata akiwa na mvi. Hasemi penye baraza la wazee, na msikitini safu ya mbele inawangoja walioifanya. Wako waliokwenda kubeba mizigo bandarini Marseille miaka ishirini ili warudi kuoa ndoa hiyo, na nyumba ya mama ikabaki ya makuti. Soilih alitaka gharama hizo zikomeshwe, na zile za matanga pia. Alipinga hirizi, ramli na wale wanaokula kwa jina la ukoo wao bila kufanya kazi.

Nakiri kwamba nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza, nikiwa chuo kikuu, nilimpenda. Nilimwona ni mtu aliyethubutu kusema yale ambayo masheikh wetu wanayanong'ona.

Lakini tazama alivyoyafanya. Umri wa kupiga kura aliushusha hadi miaka 14. Madaraka ya mitaa akayaweka kwa kamati za vijana, wengi wao wanafunzi. Akaunda kikosi cha vijana wenye silaha, walioitwa Moissi, kilichopata mafunzo kwa wakufunzi wa Tanzania. Mtoto wa miaka kumi na sita akapata uwezo wa kumwamrisha babu yake. Wazee wakadhalilishwa hadharani, masheikh wakakejeliwa, na hata vazi la wanawake la kujisitiri likapigwa vita. Palepale mambo mawili yakachanganyika. Aliyeanza kwa kupinga israfu, ambayo Uislamu unaikataza, akaishia kuigusa sitara, ambayo Uislamu unaiamrisha. Mwananchi wa kawaida atayatenganisha vipi? Akavikataa vyote kwa pamoja.

Na mitihani ikamiminika. Desemba 1976 Wakomoro walichinjwa Majunga, katika mji uleule aliozaliwa yeye. Inakadiriwa waliuawa 1,400. Wengine kama 16,000 wakarudishwa visiwani, wengi kwa ndege za shirika la Sabena la Ubelgiji, na mpaka leo watu hao wanaitwa Sabena. Nchi isiyo na chakula ikapata vinywa vipya kwa maelfu. Aprili 1977 mlima Karthala ukalipuka na uji wa moto ukakifunika kijiji cha Singani. Sisi tunaoamka kila siku tukiutazama Meru, ambao nao ni mlima wa moto uliolala, tunaweza kufahamu hofu ya watu wale.

Oktoba 1977 Soilih aliwataka wananchi wapige kura juu ya katiba yake mpya. Aliungwa mkono na asilimia 55 tu. Kwa mtawala aliyeshika bunduki zote, hiyo ilikuwa barua ya wazi kutoka kwa raia zake. Hakuisoma. Machi 1978 vikosi vyake vilimwaga damu ya raia katika mji wa Iconi, mji wa kale wa wavuvi na wanachuoni. Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa tayari kumfia.

Wakati huo Ahmed Abdallah alikuwa Ufaransa, na fedha anazo. Alimtafuta nani? Bob Denard yuleyule. Mamluki hana rafiki wala adui, ana mwajiri. Denard akajaza watu wapatao 50 katika meli ya uvuvi, wakazunguka bara zima la Afrika kwa bahari, na usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1978 wakateremka ufukweni. Wapi? Itsandra, mji aliozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumeit. Walimkamata Soilih ikulu. Nchi yenye kikosi cha vijana wenye silaha kila mtaa ilitekwa na watu 50 kabla jua halijapanda, na watu wakatoka barabarani kushangilia.

Tarehe 29 Mei 1978 Ali Soilih aliuawa kwa risasi. Ilielezwa kwamba alikuwa akijaribu kutoroka. Mwili wake ukapelekwa kwa mama yake, Shuwani, akazikwa huko. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Kuna hadithi inasimuliwa kwamba mganga alimtabiria kuuawa na mtu mwenye mbwa, naye akaamuru mbwa wote wa visiwani wauawe, kisha Denard akaja na mbwa wake. Hadithi hii huwafurahisha watu, na vijana wangu nao waliifurahia. Mimi nawaambia tuiache. Hatuna haja ya mganga kujua kilichomuua Soilih. Mlango aliouingilia aliuacha wazi, na mwingine akaingia kwa mlango huohuo.

Wala yasidhaniwe kwamba waliomfuatia walikuwa bora. Abdallah aliifanya nchi kuwa Jamhuri ya Kiislamu ya Shirikisho, lakini jamhuri hiyo ya Kiislamu ililindwa na Denard na wenzake kwa zaidi ya miaka kumi. Denard mwenyewe alisilimu, akaoa, akajiita Said Mustapha Mahdjoub. Ya moyoni mwake anayajua Allah. Tunachojua sisi ni kwamba Julai 1978 ujumbe wa Komoro ulitolewa katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Khartoum kwa sababu ya mamluki hao, na kwamba Novemba 1989 Abdallah naye alipigwa risasi ndani ya ikulu yake, iliyokuwa chini ya ulinzi wa watu haohao aliowakodi. Mwaka 1995 Denard akarudi tena kupindua, safari hii jeshi la Ufaransa likamwondoa. Alikufa mwaka 2007. Na ndoa kubwa? Ipo, inafanywa mpaka leo, na dhahabu imezidi.

Ndugu Waislamu, tafakarini hapo. Soilih alikuwa na nguvu za dola, redio, bunduki na vijana, lakini hakuweza kufuta arusi moja. Kwa nini? Kwa sababu alitaka watu waache kwa kuogopa, hakutaka wangoje waelewe. Hofu ilipoondoka, desturi ikarudi siku ya pili yake.

Sasa niseme la kwangu, maana si haki kumsema maiti wa watu nikajificha mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilirudi likizo hapa Arusha nikiwa nimejaa elimu ya maktaba. Katika mtaa mmoja alikuwapo mzee aliyesomesha watoto Qur'an kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa akiandika kombe na kusoma maulidi. Mimi na vijana wenzangu kumi na moja tulikwenda usiku tukamwambia aachie madrasa. Hakubishana. Aliingia chumbani akatoka na funguo, akaniwekea mkononi, akaniuliza tu kama ninayajua majina ya watoto wote. Sikuyajua. Walikuwa zaidi ya sitini. Mwaka haukwisha, hawakufika ishirini. Na miaka miwili baadaye, vijana walewale niliokwenda nao walikuja kwangu usiku, kwa mtindo uleule, wakataka funguo zilezile, kwa kuwa mimi nami nilikuwa nimeonekana nimelegea.

Nilipokwenda kumwomba radhi mzee yule alikuwa haoni tena vizuri. Shikamoo yangu aliitambua kwa sauti. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Amekwisha kufariki, Allah amrehemu. Lakini watoto wale arobaini na zaidi sijui leo wanasoma wapi, na najua siku moja nitaulizwa habari zao.

Ndiyo maana sikuweka sahihi. Niliwakumbusha vijana kwamba Mtume (SAW) alikaa Makka miaka kumi na mitatu, na masanamu yameizunguka Al-Kaaba, akijenga watu kwanza. Siku masanamu yalipovunjwa, hapakuwa na nyoyo nyingi zilizobaki za kuyalilia. Kulingania kwa hekima na mawaidha mema, kama tulivyofundishwa katika Surat An-Nahl, si njia ya mwoga. Ni njia ya anayetaka kazi yake idumu.

Tufanye nini basi? Tuanze kwetu. Mdogo wangu anaoa mwezi ujao, InshaAllah. Tumekubaliana na wakwe, baada ya mazungumzo marefu na mama yangu ambaye mwanzoni hakunielewa kabisa, kwamba nikah itafungwa msikitini baada ya Alasiri, na walima utakuwa pilau uani kwetu, bila kadi za michango. Vijana wale watatu nimewaomba wawe wapishi. Wawili wamekubali. Wa tatu aliondoka na karatasi yake bila kunywa chai, na tangu siku hiyo hajanisalimia.

Huyo ndiye ninayemwandikia zaidi. Kijana wangu, mlango wangu uko wazi, na chai ipo.

Wallahu a'lam.